Uliza Mwalimu: Je, ni kweli walimu wa Norwei walimshinda Quisling bila silaha?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi hapa Mwanza. Kwenye mafunzo kazini, mwezeshaji wetu alisema kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili walimu wa Norwei waligoma, wakaishinda serikali ya Wanazi bila kushika hata fimbo. Wenzangu waliguna. Wakasema hizo ni hadithi za kuwatia moyo watu wenye mishahara midogo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, waliwezaje kuwa na neno moja? Maana kwetu hata kupanga tarehe ya kikao ni kazi.

*Mwalimu wa darasa la sita, Mwanza*

JIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Ni kweli, na ilikuwa mwaka 1942. Ila hawakugoma kufundisha. Kufundisha walitaka sana, na wengine walifundishia majumbani hata shule zilipofungwa. Walichokataa ni kuhesabiwa wanachama wa chama walichoundiwa kwa nguvu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaokoa, nami nitairudia.

Ujerumani iliivamia Norwei tarehe 9 Aprili 1940. Mwezi Juni Mfalme Haakon wa 7 na serikali yake wakavuka bahari kwenda Uingereza, na nchi ikabaki mikononi mwa Josef Terboven, mtawala aliyewekwa na Hitler. Chini yake alisimama Mnorwei mwenyewe, Vidkun Quisling, kiongozi wa Nasjonal Samling, chama ambacho kabla ya vita hakikuwahi kupata hata kiti kimoja bungeni. Tarehe 1 Februari 1942 Wajerumani wakampa cheo cha Waziri-Rais. Alikuwa na haraka. Hazikupita siku nyingi akatoa sheria mbili kwa pamoja.

Sheria ya kwanza iliunda chama kipya cha walimu. Kila mwalimu alikuwa mwanachama, apende asipende, na mkuu wake akawa Orvar Sæther, mtu aliyetoka kwenye mgambo wa chama cha Quisling. Sheria ya pili ilimtaka kila mtoto wa miaka 10 hadi 18 aingie umoja wa vijana wa chama hicho. Zisome pamoja, mwalimu, utauona mtego. Anayewajua watoto kwa majina, anayejua nani anaishi wapi na baba yake anafanya kazi gani, ni sisi. Walimu ndio waliotakiwa kuwafikisha watoto kwenye gwaride. Tena Quisling alikusudia kuunda vyama vya namna hiyo kwa kila kazi, kisha kutokana navyo apate bunge lake mwenyewe. Alianza na walimu akidhani ni watu wapole.

Sasa nije kwenye swali lako la kuwa na neno moja. Chama halali cha walimu kilikuwa kimekwisha kuingiliwa, magazeti yalikuwa ya serikali, simu zilisikilizwa. Mjini Oslo kikundi kidogo cha watu kikaandika sentensi chache. Haakon Holmboe, mwalimu wa mji wa Hamar, alisimulia baada ya vita jinsi zilivyomfikia: rafiki alimwita stesheni ya reli akampa kiberiti. Ndani ya kiberiti mlikuwa na kikaratasi chenye maneno ambayo kila mwalimu anakili kwa mkono wake, na tarehe ya kuyatuma. Hakikutaka mkutano wala kura. Holmboe aliwapelekea aliowaamini, na hao wakawapelekea wao.

Barua yenyewe ilikuwa fupi kiasi cha kutosha kwenye ubao. Kwa maana yake ilisema: siwezi kushiriki kuwalea vijana wa Norwei kwa njia iliyowekwa na umoja wa vijana wa chama, kwa sababu dhamiri yangu inakataa, na kwa kuwa uanachama wa chama kipya cha walimu unanilazimisha kufanya hivyo, siwezi kujihesabu mwanachama wake. Hapakuwa na tusi, wala Hitler hakutajwa, wala mfalme hakusifiwa. Chini ya maneno hayo ilikaa sahihi ya mwalimu, na jina lake kamili.

Barua zilitumwa tarehe 20 Februari. Walioandika walikuwa zaidi ya 8,000, sehemu kubwa ya walimu wote wa nchi. Hebu mfikirie mwalimu wa kijiji cha pwani kule kaskazini, shule ina vyumba viwili, anakunja karatasi anaipeleka posta mwenyewe. Hajui kama mwenzake wa kijiji cha pili ametuma. Ameambiwa tu kwamba siku hii kila mmoja anatuma. Hapo ndipo ulipo ushujaa ninaouheshimu kuliko wote katika habari hii, dakika ile ya kutia barua kwenye sanduku, kabla hujajua kama uko peke yako.

Serikali ilishikwa na bumbuwazi. Ikafunga shule zote kwa mwezi mmoja, ikatangaza kwamba kuni na makaa ya kupashia madarasa joto hayatoshi. Watu wakajitolea kuleta kuni. Na tangazo lile likawafanyia walimu kazi ambayo wasingeweza kuifanya wenyewe, kwa sababu hata mzazi ambaye hakuwa amesikia habari za barua sasa alijua kuna jambo. Ndipo wazazi nao walipoandika. Inakadiriwa barua zao zilifika 200,000, katika nchi iliyokuwa na watu milioni tatu, zote zikisema kwa kifupi kwamba hawataki watoto wao waingie umoja ule kwa kuwa dhamiri zao zinakataa. Wafanyakazi wa wizara walifungua magunia ya posta siku baada ya siku.

Kisha yakaja mateso, na hapa wenzako wanaoguna wasikilize. Tarehe 20 Machi polisi walianza kuwakamata walimu wanaume, jumla kama 1,100, mmoja kati ya kumi. Mamia walipelekwa kambi ya Jørstadmoen karibu na Lillehammer. Chakula kilipunguzwa. Watu wazima, wengine wamevuka miaka hamsini, walilazimishwa kutambaa kwenye theluji mikono ikiwa mgongoni, kisha kuchimba theluji, kisha kutambaa tena. Kila baada ya muda waliitwa mmoja mmoja na kuulizwa: unafuta barua yako? Waliofuta walikuwa wachache mno. Jioni, katika mabanda yale yale, walipangiana vipindi. Wa historia alifundisha historia, wa elimu ya mimea akafundisha mimea, na kwaya ilikuwapo.

Mwezi Aprili karibu watu 500 kati yao walipakiwa kwenye mabehewa ya mifugo hadi Trondheim, na kutoka huko wakaingizwa kwenye meli kuukuu iliyoitwa Skjerstad, ambayo haikujengwa kwa watu wengi namna ile. Walilala wamebanana sakafuni hadi kwenye shehena, wagonjwa na wazima pamoja. Safari ilichukua takriban wiki mbili hadi Kirkenes, ncha ya kaskazini-mashariki kabisa, karibu na mpaka wa Urusi, ambako Wajerumani walikuwa wanapigana. Huko walipakua mapipa na mbao bandarini. Jirani yao palikuwa na wafungwa wa kivita Warusi waliokuwa wakifa njaa mbele ya macho yao, na walimu wengi walisema baadaye kwamba hilo ndilo lililowaumiza kuliko kazi.

Na wale tisa kati ya kumi waliobaki nyumbani? Shule zilipofunguliwa walirudi madarasani, na wengi, kabla ya somo la kwanza, waliwasomea watoto tamko walilopitishiana kwa siri. Lilisema kazi ya mwalimu si kuwapa watoto maarifa tu, bali kuwafundisha kuamini na kutaka lililo kweli na haki, kwa hiyo hawezi kufundisha lolote linalopingana na dhamiri yake bila kuisaliti kazi. Kisha wakachukua chaki wakaendelea na hesabu. Wakijua wenzao wako melini.

Tarehe 22 Mei Quisling alikwenda mwenyewe kwenye shule moja ya Stabekk, nje kidogo ya Oslo, akawakalia walimu kooni kwa hotuba ya hasira, na kati ya aliyoyasema limo hili: “Ninyi walimu mmeniharibia kila kitu.” Alikuwa anasema kweli. Mpango wa vyama vya lazima kuwa bunge ulikufa mwaka huo huo kwa amri kutoka Berlin. Walimu wa Kirkenes wakaanza kurudishwa kwa mafungu, na la mwisho lilifika nyumbani Novemba 1942. Umoja wa vijana haukuwahi kuingia shuleni kama ulivyokusudiwa.

Umeuliza waliwezaje. Maoni yangu ni haya. Walichagua kitu kimoja kidogo ambacho kila mtu angeweza kukitetea mbele ya mkewe, mbele ya mkuu wake wa shule na mbele ya polisi, kwa maneno yale yale. Kama barua ingedai Wajerumani waondoke, nusu wangeogopa na nusu wangebishana juu ya maneno. Kugoma kungewanyima watoto masomo na kuwatenga walimu na wazazi. Kukataa kuwa mwanachama hakumnyang'anyi mtu kitu, ila kunamwacha mtawala na orodha tupu. Pia, mazoezi yalikuwa yameanza mapema. Tangu mwaka 1940 wanafunzi walivaa klipu za karatasi kifuani kama alama ya kushikamana, hadi zikapigwa marufuku. Kofia nyekundu za sufu nazo zikapigwa marufuku Februari 1942. Watu walihama viti kwenye mabasi Mjerumani alipoketi karibu, mpaka ikatolewa amri dhidi ya kusimama ilhali kuna kiti kitupu. Vitu vidogo hivyo vilimfundisha kila mtu ni nani aliye pamoja naye, na siku ya barua ilikuta hesabu hiyo imekwisha kufanyika.

SWALI

Mwalimu, umewahi kuandika kwamba waliokamatwa walikuwa wanaume. Walimu wanawake walikuwa wapi? Na wake wa waliopelekwa kambini waliishi kwa nini?

*Mama wa watoto watatu, Tanga*

JIBU

Dada yangu, asante kwa kuuliza. Wanawake waliandika barua zile zile na kutia sahihi zile zile. Polisi walipochukua wanaume, madarasa yakawaangukia wao, nao ndio waliosoma tamko mbele ya watoto katika shule nyingi.

Kuhusu wake, mishahara ilisimamishwa, kwa hiyo njaa ilikuwa silaha ya kweli. Ilizimwa na michango ya siri. Watu walikatana sehemu ya mishahara yao, mtu wa kuaminika akaipeleka.

Mimi nilisoma Kibaha, shule iliyoanzishwa na mradi wa nchi za Nordiki miaka ya 1960, na mmoja wa walimu wetu alikuwa Mnorwei ambaye baba yake alipelekwa Kirkenes. Hakupenda kuyasimulia. Siku tulipombana sana alituambia habari ya mama yake tu. Kila mwisho wa mwezi, alisema, ilikutwa bahasha ya fedha ndani ya kiatu kilichoachwa barazani. Mama yake hakuuliza wala hakuchungulia dirishani kuona nani anaileta, na aliwakataza watoto wasichungulie, kwa sababu usichokijua huwezi kukitaja ukipigwa. Vita vilipokwisha ikajulikana kwamba mleta bahasha alikuwa mwanamke waliyekuwa wakimwona kila siku dukani, na ambaye kwa miaka ile yote hakuzidisha salamu.

SWALI

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa Songea tunawajua Wajerumani. Babu zetu walikataa kulima pamba kwa viboko, wakanyongwa. Hao Wanorwei walikuwa wazungu wenzao. Wangekuwa weusi wasingeandika barua ya pili.

*Msomaji wa siku nyingi, Songea*

JIBU

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito na siipunguzi. Wanazi waliwahesabu Wanorwei kuwa damu moja na wao, wakataka kuwavuta. Ndiyo maana walimu walipelekwa kazi ngumu, hawakupangwa ukutani. Poland, ambako Wanazi waliwahesabu watu kuwa watumwa, maprofesa wa Krakow waliitwa kwenye mkutano wa hotuba tarehe 6 Novemba 1939, wakakamatwa ukumbini, zaidi ya 180, wakapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Walimu wa Poland waliuawa kwa maelfu. Na bado walifundisha: sebuleni, jikoni, wanafunzi wakiingia mmoja mmoja na kutoka mmoja mmoja, na Warsaw ikawa na chuo kikuu cha siri. Kwa hiyo njia ya barua haikuwa wazi kwa kila taifa. Kwa wazee wetu wa vita vya Maji Maji vya 1905 haikuwapo kabisa. Walinyongwa Februari 1906 hapo hapo mlipo, na waliobaki wakachomewa mashamba hadi njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Ila usidhani Norwei ilikuwa salama. Septemba 1941 wafanyakazi wa Oslo waligoma kwa sababu ya kunyimwa maziwa. Tarehe 10 mwezi huo Viggo Hansteen, mwanasheria wa vyama vya wafanyakazi, na Rolf Wickstrøm, kiongozi wa wafanyakazi kiwandani, walipigwa risasi. Mwishoni mwa Aprili 1942, siku zile zile meli ya walimu inafika Kirkenes, maofisa wawili wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waliuawa katika kijiji cha Telavåg. Kijiji kizima kilibomolewa na kuchomwa, wanaume wakapelekwa Sachsenhausen, 31 wakafia huko. Wanawake na watoto wakafungwa. Mwalimu aliyekuwa kambini alizisikia habari hizi. Alipoulizwa “unafuta barua?” hakuwa na njia ya kujua kwamba yeye hatapigwa risasi. Tunajua sisi, kwa sababu tunasoma baada ya miaka themanini.

SWALI

Kama Wanorwei walikuwa na umoja kiasi hicho, Wayahudi wao waliokolewa?

*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

JIBU

Hapana, mwanangu, si wote, na ni lazima jambo hili liandikwe kwenye ukurasa ule ule.

Tarehe 26 Novemba 1942, mwezi ule ule walimu wa mwisho waliporudi kutoka Kirkenes, meli iitwayo Donau iling'oa nanga Oslo ikiwa na Wayahudi 532. Waliowakusanya alfajiri ile, nyumba kwa nyumba, wengi wao walikuwa polisi Wanorwei na madereva wa teksi zilizokodiwa kwa kazi hiyo. Kwa jumla zaidi ya 700 walipelekwa, wengi wao kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliorudi hai hawakufika 40. Wayahudi wa nchi nzima walikuwa kama 2,100 tu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini barua zilitiririka kwa ajili ya shule na hazikutiririka kwa ajili yao. Maaskofu na makanisa waliandika waraka wa kupinga, ni kweli. Lakini walimu walipata mwezi mzima wa kufikiri pamoja, na tishio lao lilimgusa kila mwenye mtoto. Wayahudi walikuwa wachache na walichukuliwa kwa saa chache, na polisi aliyeagizwa hakuwa na kikaratasi ndani ya kiberiti cha kumwambia wenzake wote leo wanakataa. Hilo si udhuru. Walikuwapo polisi waliopiga simu usiku kuonya watu, kwa hiyo kukataa kuliwezekana.

Zaidi ya nusu ya Wayahudi walivuka mpaka kwenda Uswidi, na waliowavusha walikuwa watu wa kawaida. Oslo palikuwa na makao ya watoto wa Kiyahudi yaliyoongozwa na Nina Hasvold. Usiku wa kuamkia siku ya Donau, Nic Waal, daktari wa magonjwa ya akili, alifika kwa gari. Watoto waliamshwa, wakaambiwa wavae nguo juu ya nguo na wasiwashe taa. Wakatolewa kwa mafungu na kufichwa katika nyumba za watu, na baadaye wakapelekwa mpakani wakatembea porini kwenye baridi. Watoto 14 walifika Uswidi.

Wiki hizo hizo mtunza bustani Rolf Syversen na wenzake wachache walianza kubeba wakimbizi kwa malori ya mizigo, wakiwafunika kwa maturubai, na katika muda wa wiki sita hivi wakavusha karibu watu elfu moja, Wayahudi na wengine. Waliiita kampuni yao Usafirishaji wa Carl Fredriksen. Hakuna mtu aliyeitwa hivyo. Jina lilimdokeza mfalme: Haakon alizaliwa akiitwa Carl, na baba yake aliitwa Frederik. Januari 1943 njia yao iligunduliwa, wengine wakakimbilia Uswidi. Syversen alikamatwa, na mwaka 1944 Wajerumani walimpiga risasi.